Breki ya Pili

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimesimama sebuleni, simu sikioni, mkaguzi wa magari akiniambia: "Mwalimu, njoo kituoni. Na uje peke yako."

Na wewe unayeingia leo, sogea nikupashe kwa ufupi.

Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na moja huu. Wanafunzi wamenibandika jina la Mama Indiketa, maana neno hilo nalipigia kelele kuliko ninavyomwita Mungu. Jumanne ile, saa tatu asubuhi, jua linawaka, nilikuwa kiti cha abiria na mwanafunzi wangu kwenye usukani. Mwanafunzi mwenyewe ni mama mtu mzima, mfamasia, anaendesha kana kwamba tumepakia mayai.

Mbele yetu alikuwapo seremala juu ya baiskeli, ubao umefungwa kwenye keria. Nyuma ya lori lililoegeshwa akachomoza mzee mmoja na mkongojo wake, akaingia barabarani bila kutazama huku wala kule. Seremala akamkwepa. Akaangukia upande wetu. Mfamasia akaganda.

Nikakanyaga breki yangu, ile ya mwalimu, breki ya pili.

Ikazama kama nimekanyaga godoro.

Seremala yuko hospitali, mfupa wa paja umevunjika sehemu mbili. Mzee alijiondokea na mkongojo wake, hakuna aliyemwona tena. Na mimi nikawaandikia polisi mistari sita: mwanafunzi alishikwa na hofu, mimi nilifunga breki kwa wakati, gari halikutii.

Yote kweli, isipokuwa hayo maneno mawili: "kwa wakati". Nitayatapika hapo mbele. Msinikimbize.

* * *

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, vidole vimejaa grisi, sauti ya upole. Mimi watu wenye sauti ya upole nawaogopa. Mwenye kufoka utajua ameishia wapi, mpole hujui.

Alinipeleka uani, gari letu lilipoegeshwa, kioo cha mbele kimepasuka, kibao chekundu cha mwanafunzi bado kimening'inia.

"Inama utazame pale pa kuwekea miguu, mbele ya kiti chako," alisema.

Nikainama.

"Unaiona fimbo ile ya chuma? Ndiyo inayounganisha breki yako na ya mwanafunzi. Ukikanyaga wewe, ni kama amekanyaga yeye. Sasa pale mwisho pana kitundu cha kipini. Kipini kiko wapi?"

"Sikioni."

"Hata mimi sikukiona."

"Kimekatika?"

"Kingekatika ningekuta kipande. Kingelegea kikaanguka, kitundu kingekuwa kimechakaa. Kitundu kizima, Mwalimu, na grisi imefutwa kwa kitambaa." Alinyanyuka, akanitazama usoni. "Hiki kimechomolewa. Na aliyekichomoa anajua kazi."

Akafungua daftari lake.

"Nani anashika gari hili zaidi yako?"

"Fundi wa shule."

"Ni nani wako?"

Swali lilikuwa jepesi. Sijui kwa nini alilichagua hilo.

"Si mtu wangu," nilisema. "Ni fundi tu."

Fundi huyo ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja. Nimembeba mgongoni nikiwa na miaka tisa, na kazi hiyo nilimtafutia mimi.

"Sawa," alisema mkaguzi, akaandika. "La mwisho. Kila asubuhi kabla gari halijawashwa, mwalimu anatakiwa aikanyage breki yake aone kama inashika. Jumanne uliikanyaga?"

"Niliikanyaga."

Akaandika hilo pia. Alikuwa anaandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayejua kuwa atakuja kuyasoma tena.

* * *

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja shuleni. Ofisini nikavuta kadi za masomo. Mimi nina tabia moja: kila somo linapoanza na linapoisha, naandika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Walimu wenzangu hunicheka. Siku hiyo sikucheka wala sikuchekwa.

Jumamosi jioni, somo la mwisho: arobaini na nane elfu, mia mbili na kumi.

Jumatatu asubuhi, somo la kwanza: arobaini na nane elfu, mia mbili arobaini na sita.

Kilomita thelathini na sita. Jumapili shule imefungwa, na gari halina miguu.

Nikaenda gereji nyuma ya jengo. Mdogo wangu alikuwa chini ya gari jingine, miguu tu nje.

"Toka nikuulize."

"Uliza tu dada, nasikia."

"Toka nikuone uso."

Hakutoka. Spana ikaacha kugonga.

"Jumapili nani alitoa gari langu?"

"Kwani lilitoka?"

"Nakuuliza wewe."

"Dada, mimi fundi. Mambo ya gari limetoka, limeingia, waulize wenye ofisi."

"Na kipini cha breki yangu?"

Akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mkaguzi amekwambia ni kipini?"

Mimi sikuwa nimetaja mkaguzi.

Kabla sijafungua mdomo, bosi akatokea mlangoni, shati limepigwa pasi, tabasamu limepigwa pasi pia. "Mama Indiketa! Nilikuwa nakutafuta. Hebu njoo."

Ofisini alinivutia kiti. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kunivutia kiti. Akanipa karatasi iliyopigwa chapa.

"Hii ni kukurahisishia tu. Maelezo yako ya kwanza ni mafupi mno, wanasheria watayachezea. Humu nimekuwekea vizuri. Mwanafunzi alikanyaga mafuta badala ya breki. Basi. Wewe salama, shule salama."

"Lakini hakukanyaga mafuta. Aliganda."

"Ulikuwa unatazama miguu yake?"

Nikaitazama karatasi.

"Ulikuwa unatazama wapi, Mwalimu?" aliuliza, bado anatabasamu.

Nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani, nikamwambia nitaisoma nyumbani. Nikatoka mpaka nje ya geti.

Anajua. Nani kamwambia?

* * *

Sasa nitapike.

Jumanne ile, seremala alipokuwa mita thelathini mbele yetu, simu yangu ililia mapajani. Nikaitazama. Sikuipokea, niliitazama tu. Ilikuwa meseji ya jirani: *Upepo umeangusha nguo zako, nizianue?*

Nikaandika: *Nian*

Sikumaliza. Mfamasia alipiga ukelele, nikainua kichwa, seremala alikuwa tayari mbele ya boneti. Ndipo nikakanyaga.

Hata kama kipini kingekuwepo, ningechelewa. Kwa kiasi gani, sijui. Kwa herufi nne.

Na asubuhi ile sikuikagua breki. Nilifika nimechelewa, mwanafunzi ananingoja, nikasema moyoni, jana ilikuwa nzima, leo itakuwa nzima. Wanafunzi wangu nawafelisha kwa kosa kama hilo.

* * *

Mchana nikaenda hospitali. Sikupenda kwenda, ila miguu ilinipeleka. Wodi ya mifupa ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Seremala alikuwa cha dirishani, mguu umening'inizwa kwa kamba na kipande cha chuma. Mkewe alikaa pembeni anakunja mashuka. Aliponiona, hakuacha kukunja.

"Huyo ndiye mwalimu?" alimwuliza mumewe, kana kwamba mimi sipo.

"Ndiye. Karibu, Mwalimu. Samahani sitasimama."

Mimi nikashindwa kucheka. Yeye alicheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu.

"Nimekuja kukupa pole, kaka."

"Nimeshapoa. Mwalimu, na mimi nikwambie jambo. Sikugeuka nyuma. Mzee alivyochomoza, nilikata tu kona. Na ubao ule ulikuwa mrefu kuliko baiskeli yenyewe. Tangu nyumbani nilikuwa najua kwamba..."

"Nyamaza wewe!" mkewe alimkatiza. "Utajifunga kwa mdomo wako. Aliyevunjika ni nani?"

"Nasema ukweli."

"Ukweli utausema ukiwa unatembea." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini makavu. "Mwalimu, nina swali moja tu. Simu yako ilikuwa wapi?"

Nesi mmoja alipita na toroli la dawa, magurudumu yanalia. Nikalingoja toroli lipite, kisha nikangoja zaidi.

"Shemeji, nani kakwambia habari za simu?"

"Sikuuliza nani kaniambia nini. Nimeuliza ilikuwa wapi."

"Mkobani," nilisema.

Uongo wa tatu, siku moja. Mwanamke yule akarudia kukunja mashuka yake. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwenda dukani akijua kitu hakipo, akaambiwa hakipo.

"Jana alikuja mama mmoja wa duka la dawa," alisema bila kunitazama. "Alilia hapa mpaka wagonjwa wakambembeleza. Yeye hakuniambia ilikuwa mkobani."

* * *

Nilifika duka la dawa na hasira zangu mkononi kama fimbo. Kumbe! Mfamasia ndiye anayezunguka na jina langu. Mfundishe mtu klachi miezi miwili, mvumilie anapokuzimishia gari katikati ya makutano, halafu akuchimbie kaburi.

Alikuwa nyuma ya kaunta anamwelekeza mteja.

"Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula. Usiruke hata siku moja." Mteja akatoka. Mfamasia akanitazama, akaviweka vipaketi chini.

"Mwalimu, nilijua utakuja."

"Umemwambia bosi nilikuwa kwenye simu."

"Nimemwambia."

"Na mke wa seremala."

"Na yeye pia. Kwa sababu ni kweli." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikurudi nyuma. "Sikusema kukuharibia. Bosi aliniita akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza yote, ya kwako na ya kwangu. Kesho yake akaja hapa na karatasi. Ya kwangu ameyatoa. Ameacha ya kwako tu."

Akafungua droo, akaniwekea karatasi mbele. Imepigwa chapa. *Mwalimu alikuwa akitumia simu muda wote wa somo na hakutoa maelekezo yoyote.*

"Muda wote?" niliuliza.

"Nilimwambia si muda wote. Akasema, weka sahihi tu, itakusaidia, wewe ni mwanafunzi, mwanafunzi hana kosa."

Nikafungua mkoba, nikatoa ya kwangu, nikailaza kando ya yake. Chapa moja. Karatasi moja. Hata kosa lilikuwa moja: zote mbili ziliandika "ajari" badala ya "ajali".

Tukatazamana. Bosi alikuwa ametugeuza majogoo wawili. Sisi tudonoane macho, yeye akae pembeni, na gari lake libaki halina kosa lolote.

"Hujaweka sahihi?" nilimwuliza.

"Bado. Na wewe?"

"Bado."

Akakaa juu ya kasha la dawa. "Mwalimu, mguu wangu ulikuwa juu ya breki. Siyo mafuta. Ulikuwa juu ya breki kabisa, na sikuukanyaga. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja wewe ukanyage, kama unavyofanya siku zote."

Hilo lilinichoma kuliko la simu. Miezi miwili nimemfundisha kuendesha, kumbe nimemfundisha kunitegemea.

"Nilikuwa naandika meseji," nilimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu. "Herufi nne."

Alinishika mkono juu ya kaunta. Hakusema pole, wala mimi sikusema. Tukakubaliana: kesho asubuhi yeye ataandika maelezo yake upya, mimi yangu upya, na karatasi hizi mbili tutampa mkaguzi kama zilivyo.

Lakini kipini kilibaki kipini. Bosi anaweza kupiga chapa, hawezi kulala chini ya gari na shati lile la pasi. Na aliyekichomoa anajua kazi.

* * *

Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla sijatoka, mdogo wangu aliingia nyumbani kwangu bila kubisha. Mama, ambaye naishi naye, alikuwa bafuni anaoga, maji tunayasikia. Mdogo wangu akakaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema.

Nikaweka kikombe chini.

"Jumapili ile ulipokwenda kushinda kwa shangazi, Mama alinipigia simu. Miguu imevimba, hawezi kusimama. Teksi hazipokei. Nikajua funguo ya akiba unaitundika pale nyuma ya mlango. Nikaja, nikaichukua, nikaenda kulichukua gari shuleni, nikampeleka kliniki."

"Mama aliniambia alikwenda kwa teksi!"

"Nilimwomba aseme hivyo. Tulipoondoka, akakaa kiti cha mbele, chako. Miguu inamuuma, anainyoosha. Akainyooshea juu ya breki yako. Gari likafunga katikati ya barabara, basi la nyuma nusura litupande. Tukaenda kidogo, akainyoosha tena. Akasema gari la dada yako lina wazimu." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nikaegesha, nikachomoa kipini. Ili tufike."

"Na baadaye?"

"Nikasahau kukirudisha."

Nilikuwa nimemshuku bosi, nimemshuku mfamasia, nimemshuku mpaka yule mzee wa mkongojo, usiniulize kwa nini. Kumbe mchawi tunakula naye sahani moja. Na hakuwa mchawi. Alikuwa mtoto anampeleka mama yake kliniki.

"Kwa nini hukuniambia Jumanne ile ile?"

"Niliogopa. Halafu nikasikia umesema mimi si mtu wako."

"Nani kakwambia hilo?"

"Mkaguzi. Alinipigia mara tu ulipotoka kituoni. Aliniuliza kama kipini kinaweza kuchomoka chenyewe, halafu akaniuliza kama tuna undugu. Nikamwambia dada akishasema hapana, basi hapana."

Mlango wa bafuni ukafunguliwa. Mama akapita taratibu akishikilia ukuta, kitambaa kichwani, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnazungumza nini asubuhi yote hii?"

"Mambo ya kazi, Mama," tulijibu kwa pamoja, kama zamani tulipovunja kitu.

Akatutazama tena. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mama huwa hafungi mlango.

Nikavaa viatu. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mkaguzi. Wewe utasema lako, mimi nitasema yangu. Kuna mtu hospitali hawezi kugeuka kitandani mpaka mkewe amgeuze. Hatuwezi kukaa hapa tunaficha vipini."

Aliinuka mara moja. Hakubisha hata kidogo. Wakati ule nilidhani ni ushujaa.

* * *

Mkaguzi alikuwa peke yake ofisini, dirisha liko wazi. Nikaweka karatasi mbili za bosi mezani, nikamwambia maelezo ya mfamasia yatafika kabla ya saa nne. Kisha nikasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nimekuja kujisahihisha. Nilikudanganya. Huyu ni mdogo wangu. Breki sikuikagua Jumanne. Na mita thelathini kabla ya kugonga nilikuwa naandika meseji. Mwanafunzi hakukanyaga mafuta. Seremala hakugeuka nyuma, lakini mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuona."

Aliandika yote. Safari hii aliandika haraka.

"Umechelewa siku nne," alisema, "lakini umefika. Leseni yako ya ualimu naizuia kuanzia leo. Mengine yataamuliwa mahakamani. Unaelewa?"

"Naelewa."

Ajabu ni kwamba nilihisi mwepesi. Nilihisi naweza kwenda wodini nikakaa karibu na yule mwanamke nikamsaidia kukunja mashuka.

"Na wewe?" alimgeukia mdogo wangu.

Mdogo wangu akaeleza kama alivyonieleza mimi. Kliniki, miguu ya Mama, basi la nyuma, kipini. Aliyasema yote bila kupumua, neno kwa neno, hata pale pa gari lina wazimu alipasema vile vile. "Nikasahau kukirudisha. Kosa langu. Nipo tayari."

Mkaguzi akageuza ukurasa.

"Kwa hiyo tangu Jumapili mpaka Jumanne, breki ya mwalimu ilikuwa haifanyi kazi."

"Ndiyo, afande."

"Mwalimu, Jumatatu ulifundisha?"

"Nilifundisha. Wanafunzi wanne."

"Wanne. Siku nzima. Na hukuhitaji breki hata mara moja?"

Nikafungua mdomo niseme hapana.

Haikutoka.

Jumatatu, saa kumi jioni. Mwanafunzi wangu alikuwa kinyozi mmoja mwenye miwani mikubwa. Tulikuwa tunakata kona ya shule ya msingi, mpira ukabingirika barabarani, na nyuma yake msichana mdogo anaukimbilia. Kinyozi hakumwona. Mimi nilimwona. Nilikanyaga breki yangu kwa nguvu zote, gari likasimama pale pale, miwani ya kinyozi ikaruka mpaka kwenye dashibodi. Msichana akaokota mpira wake akaenda zake. Kinyozi akasema, "Mama Indiketa, leo umenipa macho ya kuazima." Tulicheka mpaka tukafika shuleni.

Breki ilishika.

Jumatatu saa kumi jioni kipini kilikuwepo. Mdogo wangu alikirudisha Jumapili ile ile, kama fundi yeyote mwenye akili. Kuna mtu alikichomoa baadaye, kati ya jioni ile na Jumanne asubuhi.

Sasa kwa nini anasema ni yeye?

Niligeuka kumtazama. Alikuwa ananitazama tayari, macho yamejaa, kofia ameikunja mpaka imekuwa kamba. Mkaguzi aliweka kalamu chini, akatutazama sote wawili.

"Mwalimu? Nimekuuliza kuhusu Jumatatu."

"Dada," mdogo wangu alisema, sauti haikumfika hata yeye mwenyewe. "Nakuomba. Usikumbuke."